Mama anaanza tiba ya oksijeni ndani ya chemba ya mgandamizo: atarajie nini?

Binti_Pangani

Habari zenu ndugu zangu. Ninaishi Columbus, Ohio, pamoja na mama yangu mzazi, ambaye ana kisukari cha miaka mingi na kidonda cha mguu kilichofika kwenye mfupa. Kidonda kimesafishwa mara nyingi, ametumia antibiotiki, amevalishwa kiatu maalumu, lakini bado hakifungi, na sasa madaktari wamependekeza tiba ya oksijeni ndani ya chemba ya mgandamizo, siku tano kwa wiki. Tulionyeshwa chemba yenyewe: ni bomba refu linaloonyesha ndani kama kioo, ambamo mgonjwa hulala peke yake na mlango hufungwa. Mama alinyamaza mbele ya daktari, ila tulipofika nyumbani aliniuliza, “Ndiyo mnataka kunifungia humo?” Hajui Kiingereza, na hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote, kwa sababu sijui atamwambiaje mtu akipata shida. Ninaomba aliyepitia tiba hii, au anayeifanyia kazi, anieleze kinachotokea tangu mlango unapofungwa.

Muuguzi_Vidonda

Pole sana dada, na unifikishie shikamoo yangu kwa mama. Ninahudumu katika kitengo cha vidonda hapa hapa Marekani, na wasiwasi wako kuhusu lugha ni wa haki kabisa; nitaurudia.

Kwanza ajue kwa nini anaingia mle. Kwa kawaida oksijeni karibu yote hubebwa na chembe nyekundu za damu, na kwenye mguu ulioathiriwa na kisukari mishipa midogo haipitishi damu ya kutosha. Mtu anapovuta oksijeni safi huku mgandamizo wa hewa ukiwa mara 2 hadi 2.5 ya ule wa kawaida, oksijeni nyingi huyeyuka ndani ya plazma yenyewe, yaani majimaji ya damu, na kwa njia hiyo hufika kwenye nyama zilizokuwa zikiikosa. Mwaka 1960 daktari wa upasuaji Ite Boerema wa Amsterdam alionyesha kwamba nguruwe walioondolewa karibu chembe zao zote nyekundu waliweza kuendelea kuishi kwa muda ndani ya chemba, kwa oksijeni iliyoyeyuka tu.

Mlango ukishafungwa, mgandamizo huongezwa polepole kwa takriban dakika 10 hadi 15. Hapo ndipo penye kazi. Atasikia mvumo wa hewa, chemba itapata joto kidogo, na masikio yataziba kama ndege inaposhuka. Anapaswa kumeza mate, kupiga miayo, au kubana pua na kupuliza taratibu huku amefunga mdomo, na afanye hivyo mapema, kabla maumivu hayajaanza. Akivumilia kimya kimya, kiwambo cha sikio kinaweza kuumia. Ninalisisitiza hili kwa sababu mama zetu wamelelewa kuvumilia, na mle ndani uvumilivu huo haufai hata kidogo: akiashiria kwamba sikio linauma, mhudumu husimamisha mgandamizo au kuupunguza, kisha huanza tena taratibu zaidi.

Baada ya hapo hakuna kigumu. Atalala, atapumua kama kawaida, ataangalia televisheni kupitia ukuta wa chemba au atasinzia. Kipindi chote huchukua kati ya saa moja na nusu na saa mbili. Mgandamizo unapopunguzwa mwishoni, hewa hupoa na masikio hujifungua yenyewe. Asizuie pumzi wakati huo.

Kuhusu lugha, hospitali inayopokea fedha za serikali kuu ya Marekani ina wajibu wa kisheria wa kumpa mgonjwa mkalimani bila malipo. Dai mkalimani wa Kiswahili sasa, kabla ya siku yenyewe, na usikubali kuifanya kazi hiyo peke yako. Chemba ina kipaza sauti, na mhudumu hukaa kando muda wote akimwona. Kubalianeni ishara za mkono: moja ya “niko sawa”, nyingine ya “sikio linauma”, na ya tatu ya “nitoeni”. Mama azifanyie mazoezi mbele ya mhudumu mwenyewe. Ajue pia kwamba akitaka kutoka atatolewa, ila itachukua dakika chache kwa sababu mgandamizo lazima ushuke kwanza.

Mzee_wa_Mikindani

Mimi nilipata tiba hii kwa ajili ya taya, baada ya mionzi ya saratani, kabla na baada ya kung’olewa jino. Hofu ilinikaa siku za mwanzo, kisha ikaondoka yenyewe. Kilichonisaidia ni kumwomba muuguzi aniache nilale ndani huku mlango ukiwa wazi, kabla ya kipindi cha kwanza. Mwombee mama nafasi hiyo. Kuelekea mwisho wa tiba macho yangu yalianza kuona mbali kwa shida. Nilikuwa nimeambiwa mapema kwamba hali hiyo hutokea na kwa kawaida hurudi sawa baada ya wiki au miezi, kwa hiyo sikuharakisha kununua miwani mipya.

Lingine ni ukaguzi wa mavazi, ambao mama anaweza kuuona kama kuvunjiwa heshima. Atavaa gauni la pamba atakalopewa, na haruhusiwi mafuta ya nywele, mafuta ya nazi mwilini, manukato, simu, saa wala kiberiti. Msiudharau ukaguzi huo, kwa sababu penye oksijeni nyingi moto huwaka kwa kasi. Mjini Milan, mwezi Oktoba 1997, watu 11 walikufa kwa moto ndani ya chemba ya kuingia watu wengi, na chanzo kilikuwa kifaa cha kupashia mikono joto ambacho mgonjwa aliingia nacho.

Binti_Pangani

Ninawashukuru sana. Mama hujipaka mafuta ya nazi kila asubuhi na hujifunga mtandio wenye pini, kwa hiyo nitazungumza naye mapema. Je, akiwa amefunga Ramadhani anaweza kuingia?

Muuguzi_Vidonda

Asiingie akiwa amefunga kabla hamjalizungumza na daktari. Sukari inaweza kushuka wakati wa tiba, hasa kwa anayetumia insulini, ndiyo maana hupimwa kabla na baada, na ikiwa chini ya kiwango kilichowekwa na kituo hataruhusiwa kuingia mpaka ale. Kuhusu mtandio, omba kifuniko cha kichwa cha pamba tupu kisicho na pini. Vituo vingi hukubali, na akitaka kuhudumiwa na mwanamke, liseme hilo siku ile ile mnayopanga ratiba. Na akiamka na mafua au homa, piga simu kabla hamjatoka nyumbani, kwa sababu pua iliyoziba huyazuia masikio kufunguka.