Wauza chambo, acheni kutubambikia ruba walegevu halafu mnasingizia samaki

Wakuu, leo sina salamu ndefu, nimevurugwa.

Hivi unawezaje kumchotea mtu ruba kwenye ndoo, nusu yao ni yale malegevu yasiyo na kazi, halafu akirudi kulalamika unamjibu ruba ni ruba tu, eti samaki hachagui? Nani kakudanganya? Samaki anachagua sana tu.

Ruba wa chambo anajulikana. Kule Marekani na Kanada wanaovua walleye, samaki wa maji baridi wa huko, wanatumia ruba aitwaye Nephelopsis obscura, na ukimshika tu unamjua, anakaza mwili mzima mkononi, ukimtia majini ananyooka anaogelea juu chini juu chini bila kuchoka, na ule mwendo ndo samaki anaoufuata. Sasa haya mnayotuchanganyia, Haemopis, ruba wa farasi, ni makubwa kweli, mtu unaona leo nimepata mzigo, ila ukishalitia ndoano linaning'inia kama tambara la deki. Unakodolea boya hadi shingo inauma, ukivuta mshipi ruba yupo vilevile, hajadonolewa hata kidogo!

Na asije mtu hapa na "labda hujui kumtunga". Namtunga kwenye kinyonyeo cha nyuma, kile kikubwa, maana pale pagumu ndoano haichomoki kirahisi na mwili wote unabaki huru kucheza. Ndoano ndogo, chubwi ndogo, kina nimepima ili ruba asifike chini, akifika anang'ang'ania jiwe na hapo umekwisha. Mnataka nini kingine, nimwimbie?

Halafu hata hao wachache wazuri mnawaua wenyewe. Ndoo ipo juani, maji ya bomba yana klorini, hayabadilishwi mpaka yanateleza na kunuka, waliokufa wamo humohumo na walio hai, halafu mnashangaa. Maji yawe ya baridi, yasiwe na dawa, badilisha, toa mizoga, basi. Ni kazi ngumu hiyo? (Maji ya kuvulia yakiwa ya baridi sana hata ruba bora anajikunja donge, hapo simlaumu muuzaji, ila siku hiyo haikuwa hivyo.)

Kuna mmoja kanichosha kabisa, ananikataza nisiwakague kwa mkono eti watanifyonza damu. Mzee, huyo wa chambo hana hata meno ya kukung'ata, anakula vidudu vya majini, minyoo na mizoga, kwako atanata tu kidoleni. Wa damu ni kina Hirudo medicinalis, wale wa kutibia, ambao hata biashara yao ya kimataifa inabanwa na CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Yaani mtu anauza kiumbe na hajui kinakula nini.

Kwa hiyo mnaonunua, kagueni mmoja mmoja kabla hamjatoa hela. Akilegea mrudishe ndooni, muuzaji akinuna shauri yake.

Yale yangu bado ninayo. Aliyeniuzia anasema nikayamwage ziwani yaishe. Eti yaishe! Ruba na maji ambayo sijui vimetoka wapi na vimebeba ugonjwa gani, nikavimwage kwenye maji ninayovulia mimi? Namrudishia ndoo nzima kama ilivyo, na hela yangu naitaka yote.