Mrejesho: putty ya kuziba pengo kwenye ndege ya plastiki

Wakuu, niliuliza nitumie putty gani (kijazio laini kinachokauka kikawa kigumu) kuziba pengo kati ya bawa na kiwiliwili cha ndege yangu ya modeli ya 1/72 (ndogo mara 72 kuliko ndege halisi). Asanteni.

Nilianza na ya tyubu, ile ya mafundi rangi wa magari, niliyoipata soko la Kisekka hapa Kampala. Pupa yangu! Niliipaka nene kwa mara moja. Ikasinyaa, na kiyeyushi chake kikalainisha plastiki. Kwa mikwaruzo bado naitumia, tabaka jembamba tu.

Pengo nimeliziba kwa epoksi ya kukanda, putty ya sehemu mbili unazochanganya nusu kwa nusu. Haikusinyaa. Nililowesha vidole isininate, nikailainisha ingali mbichi, maana ikishakauka msasa hula plastiki kabla yake. Asubuhi nikapitisha msasa wa maji namba 600. Sasa nasubiri rangi.