Mlima Elgon: tujenge mnara wa saruji ama tupange viti vya waliopotea?

Watu wa Bungoma, Trans Nzoia na Magharibi yote, naomba tujadili hii bila matusi. Kila nikitaja ukumbusho wa wale waliouawa na kupotea Mlima Elgon 2006 mpaka 2008 najibiwa mambo mawili tu, jenga mnara, ama wachana na hizo hadithi toa fidia. Mimi mnara ndio napinga kabisa. Mkubwa anakuja siku moja anakata utepe anapigwa picha anaenda, mwaka unaofuata mbuzi ndio wanalala hapo.

Angalieni vile Bosnia walifanya. Tarehe 6 Aprili 2012, miaka 20 tangu vita ianze, Sarajevo walipanga viti vyekundu 11,541 kwa barabara kuu, kimoja kwa kila aliyeuawa mji ukiwa umezingirwa, na vyote vitupu. Vingine vilikuwa vidogo, vya watoto, na wapita njia wakaanza kuviwekea maua na vidoli. Halafu kuna msanii anaitwa Aida Šehović, yeye tangu 2006 alikuwa akikusanya vikombe vya kahawa kwa ajili ya Srebrenica, penye wanaume na wavulana zaidi ya 8,000 waliuawa Julai 1995. Kila 11 Julai alikuwa anavipanga uwanjani kwa mji tofauti, watu wanamimina kahawa na hakuna anayekunywa, akaendelea hivyo mpaka 2020. Wazo lilitoka kwa mjane mmoja aliyesema saa ya kahawa ndiyo inamkumbusha mume wake kuliko saa zingine zote.

Sasa njoo kwetu. Bukusu tuko na kumuse, mzee wa maneno anasimama katikati ya watu na fimbo yake anaongea na hakuna mtu anatoka, lakini hiyo ni ya mtu ameshazikwa. Hawa wetu ripoti za haki za binadamu zinasema wengine walichukuliwa na SLDF, wale wapiganaji wa msituni waliopigania ardhi, wengine wakabebwa na jeshi mpaka kambi ya Kapkota wakati wa Operesheni Okoa Maisha, ule msako wa kuwamaliza SLDF, Machi 2008, na kuna wale mpaka leo hawana kaburi. Mama kama huyo utamwambia aende kulia wapi?

Mimi nasema kila familia ilete kiti chake kutoka nyumbani, kile kile mtu alikuwa anakalia kama bado kiko, kiandikwe jina, vipangwe siku moja kila mwaka pale Kapsokwony na jioni kila mtu arudi na chake. Isiwe kazi ya kupewa msanii wa Nairobi kwa tenda.

Mama, Cheptais: Mwanangu umeongea vizuri lakini hujaishi hii kitu. Mzee akipotea shamba linabaki kwa jina lake, ukienda ofisini unaulizwa cheti cha kifo, na cheti utapata wapi na mwili hakuna? Tunaambiwa mtu asiposikika miaka 7 korti inaweza kusema amekufa, sawa, lakini hiyo ni wakili, ni nauli, ni njoo wiki ijayo. Watoto wamekua hivyo hivyo. Kiti nitaleta, sikatai, lakini nikirudi nacho jioni bado shamba si langu.

Kijana, Kopsiro: Na viti vya nani? Baba mdogo aliuliwa na wale wa msituni kwa sababu alikataa kuwalipa ile kodi yao. Jirani naye kijana wake alikuwa nao huko msituni, akabebwa hajarudi. Hivyo viti viwili mnataka vikae bega kwa bega?

Najibu. Mama, shikamoo, hilo lako nalichukua lote. Orodha ya viti iwe ndiyo orodha ya korti: jina, siku alichukuliwa, mahali, nani aliona. Familia zikiwa pamoja wakili ni mmoja na gharama inagawanywa, si kila mjane peke yake. Kopsiro, ndiyo, vikae pamoja, lakini kila kiti kiandikwe nani alimchukua, tusifiche eti kwa sababu ya amani. Kule Colombia silaha za waasi wa FARC, tani 37, ziliyeyushwa zikawa sakafu, na wanawake waliobakwa kwa hiyo vita ndio waligonga mabati na nyundo ya kutengeneza muundo wa hiyo sakafu. Hakuna aliyewaambia wasameheane kwanza.

Orodha tuanzie kwa makanisa ama kwa machifu? Mimi nasema makanisa, kuna watu huko juu bado wanaogopa kutaja jina la mtu wao mbele ya ofisi yoyote ya serikali.