Faiba imepita mtaani, kuunganishwa hatuunganishwi: kwa nini mwenye kipato kidogo ndiye analipia GB bei kubwa?

Wakuu, salaam.

Nimelivumilia hili jambo kwa muda mrefu, leo nalimwaga lote. Nakaa Chanika, huku mwisho wa Ilala. Waya wa faiba, ule wa kuleta intaneti nyumbani, umepita kwenye nguzo za barabara kuu, pale tunaposhukia daladala. Ukisimama dukani kwa Mangi ukainua macho, kile kiboksi cheusi cha kugawia laini unakiona kabisa. Nikaomba kuunganishiwa. Nikajazishwa fomu. Akaja kijana wa vipimo, mstaarabu, akapiga picha nguzo, akachukua lokesheni ya nyumba, akasema "tutakupigia, mzee". Hakuna aliyepiga. Nilipofuatilia nikaambiwa nafasi kwenye kiboksi zimejaa. Nikafuatilia tena, mwingine wa kitengo kilekile akasema mtaa wetu haumo kwenye mpango. Mwisho nikaambiwa tukusanye majirani wanaohitaji ndipo wataliangalia. Tumekusanya, majina na namba za simu wamepelekewa, na hadi leo kimya.

Kampuni siitaji, maana najua wengi humu mmejibiwa hivyohivyo na kampuni tofauti. Kinachoniuma kuliko yote ni hesabu. Hebu tuifanye pamoja.

Mwaka 2021, baada ya kelele nyingi za vifurushi, TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, iliweka mipaka ya bei ya data: MB moja isiuzwe chini ya Sh 2.03 wala juu ya Sh 9.35. Chukua hiyo ya chini kabisa. GB moja ina MB 1,024, kwa hiyo ni kama Sh 2,078. Nyumba yenye watoto wawili wanaosoma na mtu mzima mmoja anayefanya kazi kwa kompyuta inamaliza GB 100 kwa mwezi bila anasa yoyote, kwa sababu saa moja ya video ya somo, hata picha ikiwa ya kawaida tu, inaweza kula karibu GB nzima. GB 100 kwa bei ile ya chini ni zaidi ya Sh 207,000. Wakati huohuo kuna mtu Mikocheni kafungiwa faiba, analipa elfu hamsini na ushee kwa mwezi, anatumia atakavyo, na watoto wake hawajui bando ni nini.

Yaani mwenye nacho analipa kidogo kwa kila GB, na mama anayeuza vitumbua hapa Chanika, anayejiunga bando la buku kila asubuhi, analipa bei kubwa kuliko wote. Huyo mama akijumlisha mwezi mzima ni elfu thelathini, peke yake. Mume naye ana bando lake, kijana wa chuo ana lake. Nyumba moja hiyo inatoa elfu tisini kwa mwezi, halafu tunachukuliwa kana kwamba huku "hakuna wateja". Hela ipo na wanaipokea kila siku, kwa vipande vidogovidogo vinavyowaingizia faida kuliko kutufungia waya.

Kwenye umeme mbona iliwezekana? Nyumba yenye matumizi madogo, isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, inauziwa uniti kwa Sh 100 kabla ya kodi na tozo. Ikizidisha, zile zilizozidi zinatozwa Sh 350. Nchi ilikaa ikaamua kwamba anayetumia kidogo ndiye wa kupunguziwa. Na kijijini REA, Wakala wa Nishati Vijijini, wanamuingizia mtu umeme kwa Sh 27,000 badala ya gharama yote ya nguzo na nyaya. Hakuna aliyesema bibi wa Kisarawe asubiri mpaka kijiji chake kiwe na faida kibiashara. Ilionekana umeme ni haki ya kila nyumba, mfuko ukatengenezwa, tozo ikawekwa, na nguzo zikasimama.

Na msiniambie kuifikia kila nyumba ni kazi ngumu. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye luku. Ilianza Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, sasa ni Sh 1,500. Kumbe mlango wa kila mtu unajulikana, na mita yake ina namba. Njia ya kupitisha makato kwenda serikalini ilipatikana haraka. Nataka njia ya kuleta huduma itafutwe kwa haraka ileile.

Kuna watakaosema "mkuu, si una simu, washa hotspoti". Hapa naomba mnielewe vizuri, kwa sababu viongozi wetu nao wanachanganya hapahapa. Simu ya mama ni ya mama. Saa kumi na moja alfajiri anatoka kwenda Ilala sokoni na simu yake, na intaneti ya nyumba nzima imeondoka naye. Mtoto wa kidato cha tatu akirudi shule saa tisa, laptopu aliyoachiwa na kaka yake ipo mezani, somo analotaka kulirudia lipo mtandaoni, ila hakuna cha kuunganisha. Anamsubiri mama. Mama akirudi usiku kachoka, bando limebaki MB 200, na simu yenyewe imebakiwa na chaji ndogo. Wanagombana. Hii naiona kwa jirani yangu na kwangu pia. Intaneti ya nyumbani ni ile inayobaki nyumbani, mtoto akirudi anaikuta, na mgonjwa aliyelala anaikuta.

Kama haya yangekuwa mambo ya burudani nisingeandika. Lakini siku hizi kila kitu kimehamishiwa huko. Kijana akitaka mkopo wa chuo anaomba kwenye OLAMS ya Bodi ya Mikopo. Ajira za serikali ni Ajira Portal. Mtoto akifaulu kidato cha nne, kubadilisha tahasusi ni mtandaoni. Ritani za TRA mtandaoni, na hata kontroo namba ya faini unaitafuta mtandaoni. Basi nendeni steshenari yoyote ya Chanika au Mbagala dirisha la mikopo likifunguliwa. Mabinti wamekaa kwenye benchi na bahasha za vyeti magotini, wanasubiri kijana wa steshenari awajazie. Anajaza yeye, neno la siri anachagua yeye, na analiandika kwenye daftari lake la kaunta. Binti analipa elfu kumi, na taarifa zake zote, namba ya NIDA, ya mzazi, ya akaunti ya benki, zimebaki kwa mtu baki. Akikosea herufi moja ya jina la shule, binti anarudi siku nyingine na analipa tena. Serikali ikishahamishia huduma mtandaoni, ina wajibu wa kuhakikisha huo mtandao unafika ninapoishi kwa bei ninayoiweza.

Sasa tuje kwenye Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF. Umeundwa kwa sheria ya mwaka 2006, na makampuni ya simu yanachangia humo. Mei 2023 pale Dodoma ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 kwenye kata 713, na ruzuku ya serikali ilikuwa Sh bilioni 126. Sipingi minara. Kuna watu walikuwa wanapanda mlima ili wapate mtandao wa kumpigia ndugu, na kwao mnara ni ukombozi. Lakini mnara ukishasimama, kata inaandikwa "imefikiwa", na hapo ndipo hesabu inapoishia. Nani anahesabu ni nyumba ngapi zinaweza kulipia? Anayeuza karanga chini ya mnara na hana hela ya bando naye anahesabiwa kafikiwa. Tume ya Broadband ya Umoja wa Mataifa iliweka lengo kwamba ifikapo 2025 intaneti ya kiwango cha kuanzia isizidi asilimia 2 ya wastani wa kipato cha mtu kwa mwezi. Haya, kima cha chini cha mtumishi wa umma kilipandishwa kuwa Sh 500,000 kuanzia Julai 2025. Asilimia 2 ya hiyo ni Sh 10,000. Na huyo ni mwenye ajira, mwenye mshahara wa tarehe. Nionyesheni intaneti ya nyumbani ya elfu kumi kwa mwezi Chanika, Kivule au Chamazi.

Na kodi jamani. Ushuru wa bidhaa asilimia 17 kwenye huduma za mawasiliano, kisha VAT juu yake, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18. Kwa viwango hivyo, ukilipa Sh 10,000 ya intaneti, zaidi ya Sh 2,700 ni kodi. Huduma ambayo ndiyo njia ya kulipia kodi nyingine inatozwa kwa kiwango hiki! Mtoto anayesoma usiku anakatwa kwenye bando ushuru uleule anaokatwa mtu anayelitumia kubeti.

Mnaokaa nyumba za kupanga mna machungu yenu, na nadhani hilo ndilo lingetibika haraka kuliko yote. Nyumba ya vyumba sita, familia sita, ua mmoja, choo kimoja. Laini moja ya faiba ya elfu hamsini na tano ukigawa kwa sita haifiki elfu kumi kwa mlango, na hiyo iko ndani ya ile asilimia 2 ya kima cha chini, bila ruzuku hata senti. Lakini mkataba nilioonyeshwa unakataza kugawana na wapangaji wengine. Ukikamatwa unakatiwa. Nairobi, Kibera na Kawangware, kuna kampuni zinafunga antena juu ya mabati na kuuza intaneti ya mwezi isiyo na kikomo kwa kama shilingi 1,500 za Kenya, na wateja wao ni hawahawa wa vyumba vya kupanga. Kwa nini isiwe halali hapa mwenye nyumba akachukua laini ya ua mzima, ikasajiliwa kama ya ua, na bei yake ikajulikana?

Starlink, ile intaneti ya setilaiti, naijua, msinirushie. Rwanda walianza Februari 2023, Kenya Julai mwaka huohuo, Burundi 2024. Ni nzuri kwa shule au zahanati ya mbali ambako waya hautafika leo wala kesho. Ila mama wa vitumbua hanunui dishi. Yeye anahitaji ule waya ambao tayari umepita juu ya kichwa chake.

Mkongo wa Taifa, yaani waya mkuu wa mawasiliano nchini, ulijengwa na serikali na unaendeshwa na TTCL. Nyaya za baharini zilianza kutua Dar mwaka 2009. Tuliahidiwa kwamba zikishafika, bei ya intaneti itashuka hadi kwa mwananchi wa kawaida. Waliozaliwa mwaka ule sasa wako sekondari na bado wanasubiri mama arudi na simu.

Madai yangu ni haya. Pawe na kifurushi cha msingi cha intaneti ya nyumbani chenye bei inayodhibitiwa, kama ile ya uniti 75 za umeme, na kisitozwe ushuru wa bidhaa. UCSAF igharamie pia kuunganisha nyumba kwa ada ndogo kama REA walivyofanya, na kwenye taarifa zake za mwaka ihesabu pia kaya zilizounganishwa, si minara peke yake. Kampuni yenye nguzo au kiboksi mtaani ilazimishwe kutangaza nafasi zilizopo na tarehe ya kuongeza nyingine. Majibu ya "tutakupigia" yakome.

Kama nawe yamekukuta, andika hapa chini: kata yako, umbali wa nguzo ya faiba iliyo karibu nawe, jibu ulilopewa, na kiasi nyumba yenu inachotumia kwa bando kwa mwezi mkijumlisha simu zote. Majina yenu msiweke, wala la aliyewahudumia. Nakusanya haya nipeleke TCRA-CCC, lile Baraza la watumiaji wa huduma za mawasiliano, kwa maandishi, pamoja na ile orodha ya majirani zangu iliyokosa majibu. Wa mikoani msikae pembeni, hasa wa Geita, Kigoma na Lindi, maana kama Dar hali ndiyo hii nataka nijue kwenu ikoje.

Nawasilisha.