MREJESHO: Seti ya boksi au kifaa kimoja kimoja?

Wakuu, niliuliza kama kwa kazi ndogondogo za nyumbani ninunue zana za mkono kwa seti ya boksi au kifaa kimoja kimoja. Wengi mlisema kimoja kimoja, nikaenda maduka ya vifaa ya Gerezani, Dar.

Bisibisi ndiyo imelipa. Skrubu ya kitasa ilishaanza kuliwa kichwa na bisibisi ya jirani, ya kwenye seti, ambayo ncha yake imeshakuwa duara. Yangu ya PH2 (ncha ya msalaba, saizi namba 2) ilikaa bila kucheza, nikakandamiza, ikatoka. Ila msidanganyike na maandishi ya Cr-V (chuma cha chrome vanadium); hata feki wanayagonga. Ombeni skrubu hapohapo dukani mjaribu.

Spana malaya nilizirudisha kadhaa, taya zinatikisika kama jino bovu. Niliyochukua ni ghali kidogo, lakini haitelezi kwenye nati. Praizi niliifunga nikaielekeza kwenye mwanga: penye makali ya kukatia waya hapakuwa na upenyo. Mpini umeandikwa 1000V (kinga ya umeme hadi volti 1000), ingawa umeme nazima kwanza.

Nyundo na futi nilichukua za bei ya kawaida tu, zinatosha.

Bado msumeno wa chuma. Mnaoutumia, bleidi gani haikatiki meno mapema?