Naombeni ushauri: wazee wanapishana kuhusu historia ya kijiji

Wakuu, ninakusanya historia ya kijiji chetu kidogo. Wanaoikumbuka wamebaki wachache, na mmoja ametutoka kabla sijamrekodi, bado inaniuma.

Shida ni miaka. Mzee mmoja anasema kisima cha kwanza kilichimbwa mwaka ambao jua lilipatwa mchana, kuku wakaenda kulala. Hapo nina pa kushika, maana wanafalaki hukokotoa kupatwa kwa jua hadi siku na saa. Lakini nani alifyeka pori kwanza? Koo mbili, simulizi mbili, na kila upande unaapa.

Niandike zote zilivyo? Na ule ugomvi wa mpaka, ambao wajukuu wa pande zote leo wameoana, niuguse? Pia nifundisheni kuuliza bila kumlisha mzee maneno.