Mrejesho: mkandarasi yuleyule kila bomba likipasuka

Wakuu, niliuliza kwa nini halmashauri yetu hapa London haimbadilishi mkandarasi wa ukarabati. Kumbe kazi ndogondogo hazitangaziwi zabuni. Ni mkataba mmoja wa miaka kadhaa, kila kazi inatolewa oda kwa bei zilizokubaliwa mwanzoni.

Sisi tulionunua fleti za halmashauri, sehemu ya mmoja wetu katika gharama za mkataba huo ikizidi pauni 100 kwa mwaka, lazima kabla haujasainiwa tupewe notisi na siku 30 za maoni. Notisi ya kwanza haina bei hata moja, ndiyo maana wengi huitupa pamoja na vipeperushi vya piza! Na zabuni ya mkataba wenyewe ikitangazwa hadharani, hatuna haki ya kupendekeza fundi wetu.

Asante mdau uliyenielekeza kifungu cha 20 cha sheria ya wenye nyumba na wapangaji (Landlord and Tenant Act 1985), ndicho kinachodai notisi hizi. Nimeomba orodha ya bei, nasubiri.